Beji ya Patrick aikate mtoto mwenyewe

Kuanzia mwisho wa Februari madirisha ya maduka hapa Ayalandi hugeuka kijani. Kofia ndefu za plastiki, ndevu za bandia za rangi ya chungwa, miwani yenye umbo la majani, vitambaa vya kumetameta, vyote hupangwa karibu na mlango ili mzazi asipite bila kuviona. Tarehe 17 Machi huvaliwa. Tarehe 18 huwa vimejaa kwenye mapipa ya taka. Mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa Majengo, Mombasa. Sasa naishi Castlebar, kaunti ya Mayo, magharibi mwa nchi hii, na Jumamosi nawafundisha watoto kushona katika ukumbi wa mtaa. Nina rai moja, nayo nimeishika kwa nguvu: mtoto anayekwenda kutazama gwaride la Mtakatifu Patrick avae beji aliyoikata na kuishona kwa mkono wake, na kitambaa kinachofaa kazi hiyo kuliko vingine vyote ni felti.

Msomaji wa Nairobi au Tanga atauliza sikukuu ya Waayalandi inamhusu nini. Jina la Patrick si geni kwetu. Shule ya St. Patrick's kule Iten, alikofika Brother Colm O'Connell kutoka Cork mwaka 1976 na kuja kuwa kocha wa mkimbiaji David Rudisha, imebeba jina hilo. Mapadri wa Kiltegan, ambao shirika lao liliundwa siku ya sikukuu yenyewe, 17 Machi 1932, walifika Turkana miaka ya 1960. Masista wa Loreto waliotoka huku walifika Kenya mwaka 1921, na wengi wetu tuna mama au shangazi aliyepitia mikononi mwao. Tena wapo wasemaji wa Kiswahili wanaolea watoto Dublin, Cork, Galway na miji midogo kama huu wangu. Hao ndio ninaowaandikia zaidi, kwa sababu kila Machi shule humtuma mtoto nyumbani na ujumbe: kesho avae kitu cha kijani. Mzazi mgeni, asiyejua pa kuanzia, hukimbilia dukani.

Patrick naye alikuwa mgeni katika nchi hii. Alizaliwa Britania, ng'ambo ya bahari, enzi za Warumi zikielekea ukingoni. Alitekwa na maharamia akiwa na umri wa karibu miaka 16, akaletwa Ayalandi kama mtumwa, akachunga mifugo kwa miaka sita kabla ya kutoroka. Baadaye alirudi kwa hiari yake akiwa askofu. Maandishi yake mawili yamehifadhiwa hadi leo, na mojawapo ni barua kali ya kuwashutumu askari wa mtu aliyeitwa Coroticus, waliovamia waumini aliowabatiza, wakaua baadhi yao na wengine wakawatia utumwani. Mtu wa Pwani hawezi kuisoma barua hiyo kama habari za mbali. Nawasimulia watoto habari hii kwanza, kabla hawajashika mkasi, maana kijana aliyeibwa kwao wanamwelewa upesi kuliko askofu mwenye ndevu na fimbo.

Sasa nije kwenye beji. Watu wengi hudhani kwamba kutengeneza vitu kwa mkono siku hii ni mchezo wa walimu wa chekechea, na kwamba kilicho cha asili ni gwaride na baa. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1681 msafiri Mwingereza, Thomas Dineley, aliandika kwamba tarehe 17 Machi Waayalandi wa kila tabaka walivaa misalaba kwenye kofia zao, mingine ya pini, mingine ya utepe wa kijani, na watu wa kawaida walivaa shamroki, yaani lile jani dogo lenye vipande vitatu. Mwaka 1726 Caleb Threlkeld, katika kitabu chake cha mimea ya Ayalandi, alieleza kwamba watu huvaa jani hilo kofiani kila mwaka siku hiyo, na kwamba husemwa Patrick alilitumia kufafanua fumbo la Utatu. Patrick mwenyewe katika maandishi yake hakulitaja jani lolote. Lakini kofia zilipambwa, na waliozipamba ni wenyewe wenye kofia.

Mila iliyonigusa zaidi ni ya watoto. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wavulana na wasichana wa vijijini walitengeneza kile walichokiita msalaba wa Patrick. Wavulana walichukua kipande cha karatasi, wakachora duara na ndani yake msalaba, wakaupaka rangi zilizopatikana nyumbani, wakauweka kwenye kofia. Wasichana walifunga vipande viwili vya karatasi ngumu au vijiti kwa mabaki ya utepe na hariri, katikati wakatia ua la kitambaa, wakaubandika begani au kifuani.  Kati ya 1937 na 1939 serikali iliwaomba wanafunzi wa shule za msingi waandike mambo waliyosimuliwa na wazee wao. Wanafunzi wapatao 50,000 wa shule zipatazo 5,000 walifanya hivyo, na madaftari yao yametunzwa katika chuo kikuu cha University College Dublin. Sikukuu na desturi zake ni sehemu ya kazi hiyo kubwa. Kwa maneno mengine, beji ya kutengeneza nyumbani ina umri mkubwa kuliko gwaride la Dublin tunalolijua leo, ambalo lilianza kuandaliwa rasmi baada ya uhuru, na ina umri mkubwa mno kuliko tamasha lililoanza 1996. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita sheria ilifunga hata mabaa siku hii. Kofia ya plastiki ndiyo iliyokuja juzi.

Kwa nini basi felti, na si karatasi au utepe? Nitajibu kama fundi. Vitambaa vingi tunavyokata vina mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana. Ukitia mkasi, ukingo unaanza kufumuka, na ndiyo maana tuna pindo na ovaloki. Felti haina mtande wala mshindio. Unywele wa kondoo una magamba madogo kama ya samaki, ambayo macho hayayaoni. Yakipata maji ya moto, sabuni na msuguano, yanafunguka na kushikana, na yakishashikana hayaachani. Kitambaa kinachopatikana hapo kinakatika upande wowote utakao, kwa mviringo au kwa kona, na ukingo unabaki ulivyo. Mtoto wa miaka sita anaweza kukata umbo na likawa limekwisha. Hahitaji kusubiri mtu mzima aje kumpigia pindo. Sijui kitambaa kingine kinachompa mtoto uhuru wa namna hiyo.

Kazi yenyewe naianza kwenye karatasi. Tunakunja karatasi mara moja, tunachora nusu ya umbo la moyo kwenye mkunjo, tunakata, tunafungua. Moyo huo ndio patani. Unapigwa chaki mara tatu kwenye felti ya kijani, na kila kipande kiwe na upana wa vidole viwili au vitatu vya mtoto mwenyewe, maana kikiwa kidogo zaidi sindano inamshinda. Mioyo mitatu ikikutanishwa ncha kwa ncha, shamroki imepatikana. Shina ni kipande chembamba kilichopindwa kidogo. Watoto wadogo wanashona katikati tu, mishono mitatu minne ya kupishana, na kifungo kikuukuu juu yake ili kufunika fundo. Wakubwa wanakata kila kipande mara mbili, wanatia pamba kidogo katikati, wanazungushia ukingo kwa ule mshono wa kukamata uzi kila hatua, ndugu wa mshono tunaotia kwenye tundu la kifungo. Nyuma tunashonea pini ya kufungia, ile ya nepi. Gundi situmii. Gundi hufanya felti iwe ngumu na yenye madoa ya kung'aa, na mtoto anayebandika hajifunzi kitu ambacho mkono wake utakikumbuka.

Jambo la vifaa nitalisema kwa ukali, kwa sababu ndilo linaloharibu madarasa mengi. Mtoto hupewa mkasi butu wa karatasi, kisha anaambiwa akate felti. Mkasi ule hautakata, utatafuna. Mtoto anasukuma, kitambaa kinajikunja katikati ya makali, anakata tamaa, na mtu mzima anachukua kazi. Hapo ndipo watu husema mtoto hawezi. Anaweza, mpe mkasi mdogo wenye makali na ncha ya mviringo, kaa karibu naye, mwonyeshe namna ya kuzungusha kitambaa badala ya kuzungusha mkono. Na sindano iwe na tundu kubwa, na uzi wa kutarizi usizidi urefu wa mkono wake, usije ukajisokota. Bibi yangu, aliyeshona kofia za vitobo kwa miaka mingi, alinipa sindano kabla sijaanza shule. Alinidunga mara moja tu, kwa makusudi, kidogo, kwenye ncha ya kidole, ili nijue kile chombo ni nini. Sifanyi hivyo na watoto wa watu hapa, lakini nawaonyesha ncha na nawaambia ukweli wake.

Kuna desturi nyingine inayonisikitisha zaidi kuliko mkasi butu. Ni vile vifurushi vinavyouzwa vikiwa na kila kitu kimeshakatwa na mashine: majani matatu yaliyolingana sawasawa, shina, macho mawili ya kubandika, na karatasi ya maelekezo. Mtoto hubakiwa na kazi ya kupachika. Watoto ishirini wakimaliza, beji ishirini zinafanana, na hakuna mzazi anayeweza kuitambua ya mwanawe. Wazazi nao wana namna yao ya kufanya hivyohivyo. Mwaka jana msichana mmoja alikata shamroki yenye jani moja kubwa kuliko mengine, akaipenda, akaniambia lile kubwa ni la babake. Mama yake alipokuja kumchukua, kwa nia njema kabisa, aliomba mkasi akalipunguza lile jani ili yalingane. Yule mtoto hakulia. Aliivua tu beji, akaiweka mezani, akavaa koti. Sikumlaumu mama, sote tumefundishwa kwamba kitu kizuri ni kilichonyooka. Lakini tangu siku hiyo huwaomba wazazi wangoje nje ya ukumbi hadi kazi iishe.

Turudi kwenye kitambaa, maana felti si moja. Zile karatasi za rangi rangi zinazouzwa kwa bei ya chini katika maduka ya vifaa vya kazi za mikono mara nyingi hazina hata unywele mmoja wa kondoo. Ni poliesta au akriliki, yaani plastiki iliyopigwa kwa maelfu ya sindano za kiwandani hadi ikashikana. Ukiishona kesho, ikavutwa kidogo, inatanuka na kutoa vumbi la nyuzi. Ukipitisha pasi ya moto inayeyuka. Sisemi mtu asiitumie kabisa kama hana nyingine. Nasema tujue kwamba tukibadilisha kofia ya plastiki kwa jani la plastiki, tumepunguza ukubwa wa taka tu.

Na hapa Mayo jambo hili linauma kwa namna yake. Ukitoka nje ya Castlebar kuelekea mlima Nephin unakutana na kondoo kila mahali, wenye nyuso nyeusi, waliopakwa alama za rangi mgongoni ili kila mwenye mali ajue walio wake. Manyoya yao yamekuwa mzigo kwa wafugaji. Kwa miaka ya karibuni bei ya sufu ilishuka hadi senti chache kwa kilo, kiasi kwamba malipo ya mtu wa kunyoa yanazidi thamani ya manyoya yenyewe. Kondoo lazima anyolewe kwa ajili ya afya yake, kwa hiyo mfugaji hulipa ili apate kitu kisichouzika. Sufu ya kondoo hawa wa milimani ni ngumu, imezoea kwenda kwenye mazulia, na haiwezi kuvaliwa shingoni bila kuwasha. Lakini beji haivaliwi shingoni. Kwa kitu kidogo kinachobandikwa juu ya koti, sufu ya Mayo inatosha, hasa ikichanganywa na ile laini. Katika nchi ambayo viwanda kama kile cha Foxford, kilichoanzishwa na mtawa Agnes Morrogh-Bernard mwaka 1892 ili kuwapa kazi maskini wa eneo hilo, vilijengwa juu ya sufu, kuona watoto wakishona plastiki huku sufu ikioza kwenye magunia ni jambo ninaloona linastahili kukataliwa waziwazi.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kupata felti ya sufu ni sweta kuukuu. Maduka ya mitumba ya hisani yapo katika kila mji hapa, na kila duka lina rafu ya masweta. Tafuta lebo inayosema sufu tupu, asilimia 100. Epuka sweta lililoandikwa kwamba linafuliwa kwa mashine bila kurudi, maana limetiwa dawa na halitashikana. Lile la sufu tupu lifue kwa maji ya nyuzi joto 60, pamoja na taulo kuukuu la kuongeza msuguano. Litatoka limerudi hadi la mtu mzima limtoshe mtoto mdogo, nene, limeshikana, na macho ya mfumo hayaonekani tena. Likikauka, kata mikono, kata ukingo wa chini, na umepata felti nzuri kuliko ya dukani kwa bei ya sahani ya chipsi. Lakini sweta la kienyeji la hapa, la Aran, likiwa zima lisikatwe. Hilo livaliwe.

Watoto wanaopenda maji tunawapa sufu iliyochambuliwa. Wanaitandaza nyembamba, safu moja ikilala hivi na nyingine hivi, wanainyunyizia maji ya uvuguvugu yenye sabuni, wanaibonyeza kwa viganja, kisha wanaizungushia ndani ya kijimkeka na kuisukuma mbele na nyuma. Sakafu inalowa, mikono inakuwa laini, na kuna wakati wanasema haishikani, haishikani, halafu ghafla inashika. Mtoto aliyewahi kuona manyoya yakigeuka kitambaa mikononi mwake hawezi tena kuona nguo kama kitu kinachotoka tu kwenye rafu.

Kuhusu idadi ya majani sina mjadala. Shamroki ina majani matatu. Jani la nne ni la bahati, ni imani nyingine kabisa, na kulivaa tarehe 17 Machi ni kuchanganya mambo mawili. Vitu vya kuuza huyachanganya kila mwaka. Mwaka 1893 mchunguzi wa mimea, Nathaniel Colgan, aliwaomba watu wa kaunti mbalimbali wamletee mmea wanaouita shamroki ukiwa na mizizi yake, akaupanda, akangoja utoe maua ili ajue ni upi hasa. Mwaka 1988 mtaalamu wa mimea, Charles Nelson, alirudia uchunguzi huo. Mara zote mbili walioongoza walikuwa wawili: klova ndogo yenye maua ya njano, Trifolium dubium, na klova nyeupe, Trifolium repens. Nyanda za juu za kwetu zina ndugu yao, Trifolium semipilosum, ambayo wataalamu wa malisho huiita klova nyeupe ya Kenya. Kwa hiyo mtoto mwenye nyanya Limuru huenda amekwisha kulikanyaga jani la aina hiyo. Rangi nayo isiwafunge mno. Nishani ya Mtakatifu Patrick iliyoundwa 1783 ilikuwa ya buluu. Kijani kilipata nguvu na wapigania uhuru wa miaka ya 1790. Mtoto akikata shamroki ya buluu ana hoja.

Leprikoni, yule kijitu wa hadithi mwenye dhahabu, naye ameonewa. Siku hizi anauzwa kama mlevi mwenye kofia ya kijani na ndevu. Katika simulizi za zamani koti lake mara nyingi ni jekundu, na kazi yake inajulikana: ni fundi viatu. Wanaosimulia husema unamsikia kabla ya kumwona, kwa mlio wa nyundo yake juu ya soli. Kiatu kidogo cha felti nyekundu, cha vipande viwili vilivyoshonwa kisigino hadi kidole, ni kazi nzuri kwa mtoto wa miaka minane au tisa, na inampa kijitu yule heshima ya ufundi wake.

Lipo swali zito zaidi, na nisilipite. Mimi ni Mwislamu. Mama mmoja kutoka Zanzibar, tunayekutana naye pale ukumbini, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na hili jani si la Utatu? Mwanangu alivae vipi?" Swali lake ni la haki, wala halikutokana na chuki. Nilimwambia, "Mpe kinubi." Kinubi ni nembo ya taifa hili tangu 1922. Kipo kwenye pasipoti, kipo kwenye sarafu za euro za Ayalandi, na mfano wake ni kinubi cha kale kilichohifadhiwa katika maktaba ya Trinity College, Dublin. Hakina dini. Kwenye felti kinapendeza sana: unakata fremu yake kwa rangi ya dhahabu au kahawia, unaishonea juu ya duara la kijani au la buluu, kisha nyuzi za kinubi zinavutwa kwa uzi wa njano, mshono mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, kisha mwingine. Nyuzi zikilegea, kinubi kinaonekana kimevunjika, kwa hiyo mtoto anajifunza kukaza bila kukunja kitambaa. Ni kazi ngumu kuliko shamroki, na mtoto wa yule mama aliimaliza. Wapo Waislamu wanaovaa shamroki bila wasiwasi kwa kuiona ni alama ya nchi tu, na siwakosoi. Ninachokataa ni shule au ukumbi kumpa kila mtoto umbo moja na kudhani halina maana kwa yeyote. Mayo ina mji wa Ballyhaunis, wenye msikiti na watoto wa lugha nyingi darasani. Alama zikiwa mbili au tatu mezani, kila nyumba itachagua yake na hakuna atakayebaki nje ya gwaride.

Najua pia jibu la mzazi aliyechoka. Anatoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee saa mbili asubuhi, ana watoto wawili, na mimi nampa habari za magamba ya sufu. Kwa ajili yake nawaomba walimu na wasimamizi wa maktaba za kaunti wafanye jambo moja. Wiki mbili kabla ya sikukuu, badala ya kumtuma mtoto nyumbani na ujumbe wa kuvaa kijani, mpeni mkasi mzuri, kipande cha sweta na saa moja ya darasa. Saa hiyo si ya kuburudisha watoto kabla ya kengele. Ndani yake kuna hesabu ya kugawa duara, kuna historia ya 1681, kuna mfugaji wa jirani anayeweza kualikwa aje na gunia lake la manyoya. Kamati za gwaride nazo, zinazotoa zawadi kwa gari lililopambwa vizuri, zinaweza kutoa zawadi kwa darasa lililotembea likiwa limevaa kazi ya mikono yake.

Na kama shule haikufanya hivyo, na ni jioni ya tarehe 16, bado muda upo. Kaa mezani na mwanao. Acha pamba ya ndani, acha mshono wa ukingo. Mioyo mitatu, shina, kifungo kutoka shati kuukuu, pini nyuma: ni kazi ya nusu saa, hata kwa mkono unaojifunza. Wewe shika patani, yeye akate. Akitaka kuongeza jani la nne, mwambie hapana, na mweleze ni kwa nini.